Shemeji Kaninyang'anya Samaki

Wewe, nimeaibika! Tangi la baba la samaki wa maji chumvi, lile ninalolitunza mimi, maji yaligeuka kijani kama sare yetu ya shule.

Mchumba wa dada, anayeshinda kwetu siku hizi, akachungulia mara moja tu: "Shemeji, unawalisha mara ngapi kwa siku?"

Mara tano! Nilitaka wanizoee mimi, wasimzoee yeye!

Eti mabaki ya chakula yanaoza na kurutubisha mwani. Akazima taa siku tatu, akawa anabadilisha maji kidogo kidogo. Leo yanang'aa, mjuaji yule!

Baba kamwita "mwanangu". MWANANGU! Mimi kaniita "wewe".

Kopo la chakula kakabidhiwa yeye.

Nimesogea kwenye kioo, samaki wote wakanijia mbio. Nami sina hata punje.