Vidole vya Baba Yako

Wodi ya Wanawake, kando ya kitanda cha mama yako
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mwana wa kaka yangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wanaendelea vizuri na masomo? Nauliza kwa kuwa nililelewa hivyo, usidhani nimetulia. Mimi ni mzima. Mama yako alizimia juzi bafuni. Jana alifumbua macho na kuomba maji.

Naandika kwa sababu simu zangu unazikata. Barua hii anakuletea jirani anayesafiri kesho, nawe utaisoma hadi mwisho.

Ujumbe wako katika kundi la ukoo tumeusoma sote. Umeandika kwamba mke wa kaka yako anamlisha mama sukari kwa siri, na kwamba ukija usimkute nyumbani. Umeandika hayo juu ya mwanamke anayeiacha cherehani yake kila adhuhuri ili aje kumpikia mama yako.

Kile kimashine cha kupima sukari ulichotuma ni kizuri, sikikatai. Tone la damu hugusa kijikaratasi chenye dawa, sukari iliyomo huzaa umeme mdogo mno, mashine huupima, na kabla hujakohoa namba iko kwenye simu yako huko uliko. Sukari kinaijua. Damu ni ya nani, hakijui.

Mama yako alichoka kutobolewa. "Vidole vyangu vimekuwa chujio," alisema, akaficha mikono chini ya shuka. Baba yako, aliyejitwika kazi hiyo ya asubuhi, akafunga mlango wa chumba na kutoa kidole chake mwenyewe. "Si anataka namba? Tumpe namba." Wakacheka wawili hao, na shemeji yako yuko kwenye cherehani yake, hana habari.

Nawe ukafurahi. "Hongera mama, sukari yako safi!" Ulikuwa unampongeza baba yako. Kisha, bila kumwuliza daktari, ukaagiza sindano yake ya kushusha sukari ipunguzwe nusu. Shemeji yako alikusihi mama apelekwe kliniki kwanza. Ukamjibu, "Wewe shona nguo, hesabu niachie mimi." Amenionyesha maneno hayo, sikuyatunga.

Hapa wodini muuguzi alimtoboa mama yako, akaitazama namba, akamgeukia shemeji yako. "Nyie mnampa nini huyu mama?" Ndipo baba yako alipoweka mkono wake juu ya kitanda, ncha za vidole zimejaa vitobo. "Binti, usimgombeze mkwe wangu. Damu ilikuwa yangu." Sijapata kumwona kaka yangu amenywea namna ile.

Wazazi wako nimekwisha kuwasema, tena kwa sauti, hadi watu wa kitanda cha pili wakageuka kutazama. Sasa ni zamu yako. Sindano mwachie daktari. Na kwa kuwa ulimtukana shemeji yako mbele ya ukoo mzima, mwombe radhi mbele ya ukoo mzima, kwa sentensi kamili, pasipo vile vijipicha vya mikono iliyokutanishwa.

Baba yako anakusalimu, ingawa hana uso wa kushika simu. Mama yako anasema, "Mwambie anipigie mimi, asiniulizie kwa mashine." Kaka yako yuko barabarani na lori lake, hana salamu kwako, ana maswali.

Shemeji yako hakutuma neno. Begi lake la kurudi kwao limekwisha kufungwa, liko nyuma ya mlango. Nilimwomba asubiri jibu lako. "Shangazi, nakaa mpaka mama aweze kutembea," alinijibu. "Simngoji yeye."

Leo asubuhi mama yako ameshuka kitandani, akatembea hadi dirishani akishikilia ukuta.

Mungu akupe wepesi wa ulimi, mara hii kwa jambo la kheri.

Wako akupendaye, leo kwa shida,
Shangazi yako