Bunduki Mkononi mwa Kondo

Kibaha, 9 Juni 1947

Wifi yangu Tatu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila surua imeingia shuleni na nusu ya madawati ni matupu. Barua yako kwamba Kondo amekuposa imefika, pamoja na picha yake ya vitani, bunduki mkononi.

Nyuma ameandika kwa mkono wake: Burma, Oktoba 1944. Huko, mwezi huo, ndipo kaka yangu, mumeo, alipouawa. Na Kondo ameitangazia Kisarawe nzima kwamba alimwona akitupa bunduki na kukimbia. Tangu hapo Mama hajakanyaga harusi ya mtu.

Nilimwonyesha picha Koplo Kasiani, mlinzi wa stoo yetu. Alicheka mpaka akakaa chini.

“Mwalimu, bunduki ndefu hivi, na singe hapa mdomoni nyembamba kama msumari? Hii ya Mrusi! Burma Mrusi hakuwepo. Hizi tuliziona Uajemi, na huyu Kondo alikuwa mpishi wetu kule, mwaka huo wa 1944 mzima. Wali wake ulijaa mawe!”

Nililia kwanza. Sasa silii.

Usimkatae, wifi. Mwambie aje Ijumaa kuchukua jibu, mbele ya wazee wote. Nitakuja na Kasiani. Ningeweza kumwumbua kwa barua, lakini Mama aliaibishwa mbele ya watu. Mwombe asimulie habari za Burma tena, taratibu, asiache neno.

Na mwambie avae medali.

Wifi yako,
Biubwa