Mkono wa Mama Haukuinuka

Jumamosi, Julai. Manyunyu tangu asubuhi hapa Waithaka, madirisha yote tumefunga kwa baridi. Na mimi akili yangu imekwama kwenye chupa ya marashi.

Jana nilifundisha Kidato cha Pili jinsi harufu inavyosambaa. Nilifungua chupa mbele ya darasa, nikawaambia kila mtu ainue mkono ikimfikia. Chembe ya harufu haijui inakoenda: inagonga hewa, inageuka, inagonga tena, nyingine hata inarudi ilikotoka. Tulitarajia mikono ipande kuanzia mbele. Wapi! Msichana wa nyuma kabisa aliwatangulia wavulana wa katikati. Darasa zima likapiga kelele, ati anadanganya.

Nilishuku upepo wa mlangoni. Hewa ikitulia kabisa, ukiongeza umbali mara mbili, muda wa kufika huongezeka kama mara nne. Lakini hilo ni kwa wastani tu. Daima kuna chembe yenye bahati.

Kwa hivyo leo nikarudia jaribio hilo nyumbani. Mama alikaa kwenye kiti chake sebuleni, akafumba macho, akinicheka kwamba nalipwa mshahara kwa kucheza. Nikafungua chupa mlangoni pa jikoni, nikaenda kusimama kando yake, saa mkononi. Dakika ya nne harufu ikanifika. Nikamtazama: mikono bado mapajani.

Dakika ya kumi. Nikaileta chupa mezani. Kisha nikaishika chini ya kidevu chake.

Mkono haukuinuka.

Akafumbua macho, akaiona chupa. "Tangu ile homa ya mwaka jana, Wanja. Sisikii hata harufu ya kitunguu."

Nilikasirika, sitaficha. Mtungi wa gesi tunauweka ndani kwa sababu ukiwa nje utaibiwa. Mama hushinda nao peke yake nikiwa shuleni. Gesi hutiwa ile harufu mbaya ili itufike puani kabla hatujawasha kiberiti, na kwake isingefika hata mwaka uishe. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ungeniondolea jiko langu. Nikae hapa kama mgeni?"

Ndipo nikakumbuka povu. Kila asubuhi Mama hupaka povu la sabuni kwenye shingo ya mtungi, anainama, anatazama kama litatoa mapovu mapya. Nami humtania kwamba anauogesha mtungi! Kumbe alikuwa akiitafuta gesi kwa macho.

Aki nililia.

Kesho tukitoka kanisani namtafuta fundi wa vyuma atutengenezee kizimba cha mtungi huko nje, chenye kufuli. Jiko ni lake na linabaki. Povu tutapaka pamoja.

Lakini usingizi hauji vizuri. Chembe zisizojua hata zinakoenda zilivuka sebule kwa dakika nne. Mimi nimeketi hatua mbili kutoka kwa Mama mwaka mzima. Mbona sikumfikia?