Mabinti Watano Mbele ya Wazee wa Ukoo

Jumamosi, 14 Novemba 1953. Muleba.

Mvua tangu alfajiri, na ukungu ulilala juu ya migomba hadi saa nne. Nilitumaini mvua ingewazuia wazee wa ukoo. Haikuwazuia.

Baba alifariki mwezi wa nane bila kuacha mtoto wa kiume. Tupo mimi na dada yangu tu. Leo wazee walikuja kuamua kibanja, shamba letu la migomba lenye nyumba, kiwe cha nani, na mama ahamie wapi.

Ndivyo walivyosema: ahamie wapi.

Nilijiandaa tangu Bukoba, shuleni ninakofundisha. Mama alipomaliza kuwapitishia kahawa ya kutafuna, niliomba ruhusa, nikawasomea katika Biblia habari za mabinti watano waliofiwa na baba asiye na mwana. Walimwendea Musa kudai urithi. Musa akamwuliza Mungu, na Mungu akasema wana haki.

Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye anayekitaka kibanja, alicheka.

"Mwanangu, Musa hakuwa Mhaya."

"Hata Yesu hakuwa Mhaya, baba mdogo, na wewe ndiwe uliyenifundisha kumfuata."

Wazee waliangua kicheko. Mmoja akampiga baba mdogo begani: "Pokea hiyo! Si wewe uliyesema asome?"

Baba mdogo hakukasirika. Aliendelea kutafuna kahawa yake. Mwishowe wakakubaliana: mama abaki maisha yake yote. Akifa, kibanja kiende kwa baba mdogo.

Mama amekuwa akilia kwa furaha tangu waondoke. Kwake inatosha.

Kwangu haitoshi. Mungu hakuwapa wale mabinti ardhi ya kuazima.

Jioni, nikinawa miguu, niliona nyasi za sakafuni zimeacha alama magotini mwangu. Kumbe maneno yote yale niliyasema nimepiga magoti, wao wakiwa vitini. Hakuna aliyeniamuru. Wala sikutambua.

Kesho ni Meza ya Bwana. Baba mdogo naye atapiga magoti, na tutakunywa kikombe kimoja. Baada ya ibada nitamwamkia kwa magoti kama siku zote, kwa kuwa ni baba yangu na ninampenda. Kisha nitainuka.

Habari za kibanja nitamwambia nikiwa nimesimama.

Saa nne na robo. Nazima taa.