Paa la Thornbeck na Nafasi ya Bryony

Jumatano, 6 Machi
Mimi bahati nimezaliwa nayo, wenzangu wanaisikia redioni. Bahati nasibu za mji huu — kanisani, baa, klabu ya kriketi — zote nimezifagia, kabati limejaa zawadi. Sasa Shule ya Thornbeck wananitaka niwaendeshee mnada wa harambee yao. Wamtake nani mwingine? Mwenye bucha mwenye koo kama langu ni mmoja tu Yorkshire nzima.
Lakini kuna kitu kinaniwasha. Shule ya ada vile, uwanja kama zulia — inaombaje?

Alhamisi, 7 Machi
Nimemuuliza mwalimu mkuu, Bi. Lumley, huku nikimpimia soseji. Hakununa. Anasema ada yote huishia kwenye mishahara na gesi ya kupasha madarasa joto. Serikali haiwapi hata chaki. Paa la ukumbi wa michezo linavuja. Na mtoto wa mnyonge akifaulu, lazima apatikane wa kumlipia. Jumatatu Bodi ya shule itaamua: paa au ufadhili.
Ufadhili! Bryony, mjukuu wangu, kafaulu mtihani wao. Mama yake anafua mashuka hospitali. Bila ufadhili, Thornbeck ataiona getini tu.
Sikumwambia Bi. Lumley. Nilimwongezea soseji mbili.

Jumamosi, 9 Machi
Mnada wa ahadi — hapa haviuzwi vitu, watu wanauza jasho lao. Daktari kaahidi kukata nyasi, wakili kuoka keki. Mimi, kumchomea mtu nyama ya mlo wa Jumapili na kumfikishia hadi mezani kwake.
Shida ni adabu. Adabu ya watu wetu itawaua! Ikaja ahadi ya kulimiwa bustani, Mchungaji Tunstall akataja bei ya kwanza, kiduchu. Nani ampiku mchungaji kwa bei? Wote wanatazama viatu vyao. Nikamwambia awaruhusu kumpiku, ama ubahili wao ataujibu yeye siku ya kiama.
Akasimama, mwekundu kama nyanya. "Nipikuni, jamani. Mimi naishi ghorofani, bustani yenyewe sina. Niliona aibu tu mtu kukosa mnunuzi."
Watu hoi kwa kicheko. Tangu hapo bei zikapanda kama moshi.

Jumatatu, 11 Machi
Bodi wamo ndani tangu saa ya chai. Pesa zilizopatikana zinatosha paa, au watoto — si vyote. Fundi kasema paa halivuki baridi ijayo. Najiuliza: paa likianguka, mtoto atacheza wapi? Na likipona bila yeye, linamfunika nani?
Tumo kwenye gari la bucha, mimi na Bryony. Mvua. Naandikia juu ya usukani kwa mkono mmoja. Kanishika mkono wa pili.
"Babu, si wewe una bahati? Niazime ya leo tu."
Mlango wa shule umefunguliwa. Bi. Lumley anatujia, mwavuli umemficha uso.
Sina bahati yoyote. Sijawahi kushinda hata kopo la biskuti. Zawadi zile zote za kabatini nilinunua mwenyewe.