Kikombe Kisichojaa

Jumatatu, 3 Machi
Chekechea ya binti yangu imefunguliwa tena. Watoto wanacheza uwanjani, pale palipokuwa na karakana ya betri. Ripoti yetu ya maabara ilisema madini ya risasi kwenye udongo ni kidogo. Udongo niliupima mimi, kwa mashine ya eksirei. Nilijiona bwana mkubwa!

Jumanne, 4 Machi
Nimeshtuka nikiosha vikombe vya sampuli. Kimoja kilikuwa bado na udongo wa chekechea — umefunika kitako tu, kama vumbi la juu ya kabati. Bosi ndiye aliyesema tuweke kidogo, mwingine tutunze. Nami nikaitikia, ndiyo bosi. Lakini udongo ukiwa mwembamba, mionzi inapenya na kwenda zake! Risasi inaonekana haba. Nimwambie mke wangu? Hapana. Kwanza nihakikishe.

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya kile ninachowafundisha wafanyakazi wapya siku ya kwanza: pima, ongeza udongo, pima tena. Namba ikitulia, unene unatosha.

Haikutulia. Nimeongeza, imepanda. Nimeongeza tena — imepanda tena! Bosi katazama skrini, kanywea. Kasema tusikurupuke, ripoti ina sahihi yake, ataongea na wakubwa wiki ijayo. Nikamwambia mwanangu yuko pale. Akasema basi mtoe wako, kimyakimya.

Kimyakimya! Na wa wenzangu?

Alhamisi, 6 Machi
Binti yangu nimemwacha nyumbani. Nimesema ana mafua. Mke wangu akauliza mafua gani haya yasiyo na kamasi. Naogopa kufukuzwa. Naogopa zaidi vile vidole vya watoto, vinavyotoka mchangani na kwenda moja kwa moja mdomoni.

Jirani kapita na mapacha wake, sare zimepigwa pasi. Akasema mwenzao akipona watakuja kumchukua. Nikawapungia mkono. Nimewapungia mkono, mimi!

Sasa niko maabara. Nimemimina udongo wote wa akiba, kikombe kimejaa hadi mdomoni. Namba imetulia. Imetulia kwenye mara tisa ya ile niliyoandika.

Nimepiga simu chekechea. Naandika huku inaita, ili mkono usikate simu. Bosi yuko mlangoni, anatikisa kichwa. Anasema kata. Anasema fikiria familia yako.

Wamepokea. Nyuma watoto wanapiga kelele za mchezo. Mwalimu anasema haloo, haloo, nani mwenzangu —