Alama ya Cheni

Wewe Kipara, nimeumbuka! Nimeumbuka leo hospitali, tena mbele ya mama!

Si unajua tangu nianguke nikavunjika goti, mama kaifungia baiskeli stoo, ufunguo anatembea nao kwenye pochi? Leo daktari wa viungo alikuwa anaamua kama nitarudi mashindanoni. Kaniuliza kama nimeshajaribu kuendesha. Mama kadakia: "Thubutu! Hajaigusa!"

Nami kwa upole wote: "Sijaigusa, dokta."

"Haya, lala kifudifudi."

Nikalala. Daktari akanikagua mguu.

"Na hii je?"

Kumbe grisi ya cheni ya asubuhi imenichora meno meusi kwenye shavu la mguu! Tena mguu ule ule mbovu! 😂😂

Mama: "Umeitoaje? Ufunguo si ninao mimi?"

Ikabidi niseme. Dirishani.

DIRISHANI, Kipara! Daktari kacheka mpaka kakaa chini. "Mama, goti linalopanda dirisha na baiskeli begani limepona. Aanze mazoezi ya mashindano."

Mama kabeba pochi yake, tukaondoka. Tumefika tu nyumbani, kanirushia ufunguo:

"Kuanzia leo upite mlangoni kama watu."